Vijana watetezi wa Umormoni: imani moyoni, ulimi hadharani

Mormoni anayetaka kuingia hekaluni hupita kwanza kwenye usaili. Anakaa na askofu wake, kisha na kiongozi wa kigingi (muungano wa makanisa kadhaa ya eneo), anaulizwa maswali yaleyale wanayoulizwa waumini wenzake duniani kote, na akijibu vizuri anapewa kibali cha miaka miwili. Oktoba 2019 Russell Nelson, rais wa kanisa hilo wakati huo, aliyasoma maswali hayo yote mbele ya mkutano mkuu baada ya kufanyiwa marekebisho. Watu wa nje hukumbuka zaidi lile la zaka na lile linalogusa pombe, chai na kahawa. Mimi linanivutia jingine, ambalo huuliza kama muumini anafuata mafundisho ya Kanisa katika mwenendo wake wa faragha na wa hadharani, kwa jamaa zake na kwa watu wengine.

Sasa mchukue kijana wa miaka 24 hivi, Utah au Arizona, aliyejibu swali hilo kwa "ndiyo" siku ya Jumapili. Jumatatu usiku anawasha kamera, anavaa spika za masikioni, na kwa saa mbili anamshughulikia mtu aliyeandika vibaya kuhusu Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa. Anamuiga sauti, anacheka sura yake, anasoma sentensi moja kisha anatulia ili wenzake wacheke. Maoni yanamiminika pembeni ya skrini, michango ya dola tano tano inaingia. Kijana huyu haigizi dini. Anaamini kwa dhati kwamba yuko kwenye utumishi. Na wapo waumini wenzake wanaomtazama wakajiuliza lile "ndiyo" la jana lilikuwa na maana gani.

Jibu la haraka ni kwamba kijana hana adabu na anahitaji kufundwa. Lipo la kweli hapo, ila halifiki mbali. Adabu peke yake haielezi kwa nini kanisa linalosisitiza upole kiasi hiki limezaa kizazi baada ya kizazi cha watetezi wenye ulimi mkali, wala kwa nini ni vigumu kumpata mtu wa kuwazuia.

(Kabla sijaendelea: jina kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na mwaka 2018 Nelson aliwaomba watu waache kuliita la Kimormoni. Natumia "Mormoni" hapa kwa sababu ndilo jina ambalo wasomaji wengi wanalijua. Vijana wenyewe, wengi wao, bado wanalitumia kwenye vipindi vyao.)

Maandiko ya kuchokoza, maandiko ya kunyamaza

Kuitetea imani kwa hoja ni kazi ya zamani kuliko Umormoni. Wakristo wa madhehebu yote wanaofanya kazi hii hupenda Waraka wa Kwanza wa Petro 3:15: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu; lakini kwa upole na kwa hofu." Mpenda mabishano husoma mpaka penye nukta na mkato akafunga kitabu.

Wamormoni wana maandiko ya ziada, na humo mvutano unakuwa mkubwa zaidi. Mwaka 1831, huko Ohio, muumini aliyekuwa amejitoa, Ezra Booth, alichapisha gazetini barua za kumshambulia Joseph Smith. Desemba ya mwaka huo ukaja ufunuo ambao leo ni sehemu ya 71 ya Mafundisho na Maagano, kitabu chao cha mafunuo. Unamtaka Smith na msaidizi wake Sidney Rigdon watoke kwenda kuhubiri, wawaite adui zao wakutane nao hadharani na faraghani, na wawaaibishe. Lakini katika Kitabu cha Mormoni, Nefi ya Tatu mlango wa 11, Yesu mfufuka anasema mwenye roho ya ubishi si wake, ni wa ibilisi. Na sehemu ya 121, iliyotokana na barua ya Smith akiwa mahabusu katika gereza la Liberty, Missouri, mwaka 1839, inasema mamlaka ya ukuhani hayana nguvu ila kwa ushawishi, uvumilivu, upole na upendo usio na unafiki. Kijana anayetaka kuingia ulingoni ana aya ya kumtuma. Anayetaka kumvuta nje ana aya vilevile.

Barua ile ya gerezani ina historia yake. Tarehe 4 Julai 1838, mjini Far West, Missouri, Rigdon huyohuyo alihutubia umati wa Watakatifu na kusema kwamba kundi la watu likija kuwavamia tena, vita itakuwa ya kuangamizana. Hotuba ikapigwa chapa na kusambazwa. Haikupita miezi minne, tarehe 27 Oktoba, Gavana Lilburn Boggs akatia saini amri kwamba Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe jimboni. Siku tatu baadaye watu 17 wakauawa mahali paitwapo Haun's Mill. Sisemi hotuba ndiyo iliyowaua. Wamormoni walikuwa wameshafukuzwa katika kaunti ya Jackson tangu 1833, na waliofanya mauaji hawana wa kumsingizia. Ila Rigdon aliwapa adui zake neno, nao wakalitumia. Amri ya Boggs ilifutwa rasmi mwaka 1976, yaani wapo babu walio hai leo waliozaliwa na kuzaa ikiwa bado imo kwenye kumbukumbu za jimbo.

Bila historia hii mtu hawezi kuelewa hasira za kijana wa leo. Amekulia kwenye simulizi za kuwindwa. Na kuchokozwa hakujakoma: mkutano mkuu wa Salt Lake City ukifika, nje husimama wahubiri wa mitaani wenye mabango na vipaza sauti, na mwaka 2003 baadhi yao walifikia kutikisa mbele ya umma nguo za ndani takatifu ambazo Wamormoni huvaa baada ya agano la hekaluni. Mtu aliyeona mama yake akipita katikati ya kelele zile akiwa na gauni lake la ibada hatamwelewa kirahisi anayemwambia asijibu.

Wasomi nao hawakuwa wapole

Kuna dhana kwamba zamani utetezi ulikuwa mikononi mwa maprofesa wastaarabu, halafu YouTube ikaja ikaharibu. Si kweli. Mwaka 1945 Fawn Brodie, mpwa wa kiongozi wa juu wa kanisa, alitoa kitabu cha maisha ya Joseph Smith kilichomwonyesha kuwa mtunzi hodari wa hadithi badala ya nabii. Mwaka uliofuata Hugh Nibley, msomi wa lugha za kale ambaye angekuja kuwa baba wa watetezi wote, alimjibu kwa kijitabu kilichojaa dhihaka tangu kwenye jina lake. Waumini walikipenda mno. Wanahistoria wengi, wakiwemo Wamormoni, walikiona chepesi.

Mwaka 1979 mwanasheria John Welch alianzisha taasisi ya utafiti iliyojulikana kwa kifupi kama FARMS, ambayo baadaye ilihamia Chuo Kikuu cha Brigham Young (BYU), cha kanisa hilo. Ilitoa kazi nzuri za lugha na mambo ya kale. Ilitoa pia jarida la uhakiki lililokuwa na sifa ya kuuma. Mwaka 1994, katika mapitio marefu ya kitabu cha wakosoaji, herufi za kwanza za aya zilipangwa kwa makusudi ili zikisomwa kwa mfululizo zitoe tusi la kitoto kwa mhariri wa kitabu hicho. Nakala kadhaa zilishatoka kabla ya jambo hilo kugunduliwa na kurekebishwa. Aliyefanya hivyo alikuwa profesa wa historia, mtu mzima. Mwaka 2012 chuo kilipotaka kuigeuza taasisi ielekee kwenye taaluma tulivu ya dini, mhariri wa miaka mingi, Daniel Peterson, alipewa habari ya kuondolewa kwa barua pepe akiwa safarini ng'ambo. Mwaka huohuo yeye na wenzake wakaanzisha jarida jingine nje ya chuo.

Hapo ndipo palipotokea ombwe. Chuo kilijitoa kwenye mapigano. Viongozi wakuu wa kanisa, kwa desturi yao, hawawajibu wakosoaji kwa majina. Mwaka uliofuata ikaja barua.

Mtu aliyeketi benchi la nyuma

Barua yenyewe, ya 2013, iliandikwa na muumini kijana, Jeremy Runnells, akiorodhesha maswali yaliyomtesa. Mengi hayakuwa mapya. Upya ulikuwa kwenye simu: mtu aliweza kuisoma yote akiwa ibadani, askofu akiendelea kuhubiri. Runnells aliitwa kwenye baraza la nidhamu mwaka 2016 na akajitoa mwenyewe kanisani kabla ya hukumu.

Tuangalie swali moja kwa karibu, maana bila hivyo ugomvi huu unabaki wa hewani. Mwaka 1835, mjini Kirtland, Ohio, Joseph Smith na wenzake walinunua maiti kavu za Misri pamoja na mafunjo kwa dola 2,400. Kutokana na mafunjo hayo Smith alitoa Kitabu cha Ibrahimu, ambacho kimo katika maandiko rasmi ya kanisa hadi leo. Ikadhaniwa mafunjo yaliteketea. Mwaka 1967 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, likalikabidhi kanisa vipande vilivyosalia. Wataalamu wa Kimisri walipovisoma wakakuta ni maandishi ya mazishi, ya kumsindikiza marehemu kuzimu. Ibrahimu hayumo. Kanisa lenyewe, katika makala ya 2014 iliyo kwenye tovuti yake, linakubali kwamba maandishi ya vipande hivyo hayamtaji Ibrahimu wala matukio ya kitabu. Watetezi hujibu kwa njia kuu mbili: kwamba sehemu husika ya mafunjo ilipotea, au kwamba mafunjo yalikuwa kichocheo tu cha ufunuo na si chanzo cha tafsiri.

Mtu anaweza kuyaona majibu hayo yana uzito au hayana. Lakini fikiria anayeyatafuta. Mkosoaji hodari ameshaamua siku nyingi. Muumini imara halihitaji jibu. Anayebaki kwenye video saa sita usiku ni yule wa katikati: mwalimu wa shule ya Jumapili, mke wa katibu wa kata (ndivyo Wamormoni wanavyoliita kanisa la mtaa), kijana aliyerudi misheni mwaka jana na anaogopa kumwambia baba yake anachowaza. Huyu ndiye mtazamaji halisi, na watetezi wenyewe, wakiulizwa wanamfanyia nani kazi, humtaja huyu.

Basi anapofungua kipindi na kukuta swali lake limewekwa mdomoni mwa mtu anayechekwa, jiwe lililorushwa kwa mkosoaji linampata yeye. Hasemi kitu. Anafunga simu. Kesho yake kanisani anatabasamu kama kawaida. Nadhani ubaya mkubwa wa dhihaka uko hapa kuliko kwenye ukosefu wa heshima kwa maadui, ambao wengi wao wamezoea na baadhi yao hutukana vilevile.

Mwaka 2020 jambo hili lilitokea waziwazi. FAIR, shirika la kujitolea la watetezi lililoanzishwa 1997 na lisilo chombo rasmi cha kanisa, liliamua kuwafikia vijana kwa mfululizo wa video fupi za kuijibu barua ya Runnells. Watangazaji walikuwa vijana watatu wachangamfu, wenye vichekesho vya kasi na dharau ya kutosha. Malalamiko makali zaidi yalitoka ndani: waumini, wakiwemo wanaofanya kazi ya utetezi, walisema ndugu zao wenye mashaka wamefanywa kichekesho. Video hizo hatimaye ziliondolewa kwenye chaneli ya shirika. Vijana wenyewe hawakupotea. Walikuwa na kipindi chao, kilichopata wafuasi wengi kuliko machapisho mengi ya wasomi, na kwa haki ni lazima niseme kwamba wapo wanaoshuhudia kuwa kipindi hicho kiliwafanya wasione haya tena kuwa Wamormoni. Kwa kijana aliyezoea kuchekwa shuleni, kumwona mwenzake akicheka badala ya kuchekwa ni dawa. Nani amlaumu?

Kutoka wawili wawili hadi peke yake

Wengi wa watetezi hawa wametoka misheni. Mvulana wa Kimormoni anaweza kuanza misheni akiwa na miaka 18, akakaa miaka miwili mbali na kwao. Tunawajua hawa: mashati meupe, tai, kibandiko cheusi cha jina kifuani. Humwoni mmoja bila mwenzake. Kanuni inataka wamisionari wawe wawili muda wote, wafuate ratiba, waripoti kwa kiongozi, na kitabu chao cha mafunzo kinawakataza mabishano. Mlango ukifungwa kwa kishindo wanashukuru na kuondoka. Miaka miwili ya hivyo humfundisha mtu kumeza matusi.

Halafu anarudi nyumbani, kibandiko kinavuliwa, mwenza hayupo. Bidii ile ile ya kushuhudia bado inamchemka, na andiko la Mosia 18, katika Kitabu cha Mormoni, alilolikariri tangu utotoni linamwambia asimame kuwa shahidi wa Mungu nyakati zote, katika mambo yote na mahali pote. Mahali palipo karibu ni mtandaoni. Na mtandao una bwana mwingine: video ya upole ya dakika arobaini kuhusu mafunjo ya Misri inapata watazamaji mia chache, klipu ya sekunde hamsini ya mtu "kubwagwa" inapata laki. Hakuna aliyemwambia kijana awe mkali. Namba zilimwambia.

Sehemu nyingine ya vijana haikuishia kwenye vichekesho. Kuanzia takriban 2018 kulizuka kwenye Twitter kundi lililojikusanya chini ya alama ya DezNat, kifupi cha taifa la Deseret, jina ambalo Wamormoni wa karne ya 19 walitaka kuipa nchi yao. Baadhi yao walikuwa waumini wa msimamo mkali waliochoka na uliberali, basi. Wengine waliwaandama kwa majina wanawake wanaotaka mabadiliko, mashoga na wasomi wa BYU, huku wakipamba picha zao kwa kisu. Kisu kilikuwa na maana. Katika hotuba ya Machi 1853 Brigham Young, aliyeliongoza kanisa baada ya Smith, alisema kuliko waasi wa imani wastawi Utah, angechomoa kisu chake ashinde au afe. Mwenye kuweka picha ile alijitetea kuwa ni utani wa kihistoria. Aliyelengwa hakuona utani.

Mwaka 2021 gazeti la The Guardian lilimtambulisha mtu aliyekuwa nyuma ya akaunti moja ya kundi hilo, yenye jina lililoiga la kiongozi wa zamani wa kanisa, iliyoandika maneno ya ubaguzi wa rangi na chuki dhidi ya Wayahudi. Ikaonekana ni mwanasheria msaidizi wa serikali ya jimbo la Alaska. Muda mfupi baadaye hakuwa tena kwenye kazi hiyo. Hakuwa kijana, na ni haki kusema hivyo, kwa sababu kuna wazee wanaopenda kusukumia mambo haya yote kwa watoto wa TikTok.

Bunduki mkono mmoja, mwiko mkono wa pili

Mtu atauliza: viongozi wanasemaje? Wanasema mambo mawili, na kila upande unachukua lake.

Tarehe 23 Agosti 2021, Jeffrey Holland, wakati huo mmoja wa mitume kumi na wawili wa kanisa, aliwahutubia walimu wa BYU. Alirejea mfano aliowahi kuutumia mtume mwenzake, Neal Maxwell, wa wajenzi wa hekalu la Nauvoo, mji wa Wamormoni wa mwanzo, walioshika mwiko wa ujenzi mkono mmoja na bunduki mkono wa pili, mfano wenye mwangwi wa Nehemia kwenye kuta za Yerusalemu. Holland akayarudia maneno ya kiongozi mwenzake, Dallin Oaks, kwamba angependa kusikia milio zaidi ya bunduki kutoka chuoni, hasa katika kutetea mafundisho ya ndoa. Katika hotuba hiyohiyo alizungumzia machozi aliyomwaga pamoja na vijana wa chuo wenye mvuto wa jinsia moja. Machozi hayakusambaa. Bunduki ilisambaa usiku uleule, na DezNat wakaipokea kama waliotumiwa risasi.

Aprili 2023 Nelson naye akasimama kwenye mkutano mkuu na kuzungumza karibu hotuba nzima juu ya wapatanishi. Alisema hasira haimshawishi mtu, kwamba ubishi ni uamuzi na upatanishi ni uamuzi, na akawaonya waumini kuhusu matusi na kusengenya mtandaoni na majumbani. Ilikuwa ni kukemea kwa wazi kadiri kiongozi wa kanisa lile anavyoweza kukemea. Baadhi ya watetezi walibadili mtindo. Wengine walieleza kwa ufasaha kabisa kwamba wanachofanya wao si ubishi.

Kisha kuna suala la nani amwajibishe nani. Kitabu cha mwongozo cha kanisa kinahesabu kuwa uasi wa imani kule kulipinga Kanisa hadharani, kwa makusudi na mara kwa mara. Kwa mkondo huo Kate Kelly, aliyedai wanawake wapewe ukuhani, alitengwa mwaka 2014, na John Dehlin, mwenye podikasti iliyowapa waliojeruhiwa na imani mahali pa kusemea, akatengwa 2015. Anayelitetea Kanisa kwa matusi halipingi, kwa hiyo hanaswi na wavu huo. Ikibaki, kuna askofu. Naye askofu wa Kimormoni halipwi mshahara. Mchana ni daktari wa meno au mhasibu, jioni anapanga mazishi, anamtafutia mjane kodi ya nyumba na anasuluhisha ndoa za watu. Hana saa tatu za kutazama kipindi cha mtoto wa kata yake. Akimuuliza lile swali la mwenendo wa hadharani anapokea "ndiyo" na kutia saini. Nadhani hapa mfumo una tundu: umejengwa kumchunguza mtu kwa siri, na hauna chombo cha kupima anachokifanya mbele ya watu laki moja.

Huku kwetu

Afrika Mashariki jambo hili lina sura yake. Kanisa lilisajiliwa Kenya mwaka 1991. Kitabu cha Mormoni kamili cha Kiswahili kilitoka mwaka 2000. Joseph Sitati, mhandisi Mkenya aliyekuwa kati ya viongozi wa kwanza, aliteuliwa mwaka 2009 kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza katika viongozi wakuu wa kudumu wa kanisa hilo. Na Mei 2025 hekalu la Nairobi likawekwa wakfu. Kinshasa lilitangulia, mwaka 2019. Vijana wa matawi na kata hizi huangalia video zilezile za Utah, kwa bando lao wenyewe, na huchukua humo hoja na mtindo.

Sisi tunaujua mtindo huo kwa jina jingine. Wakongwe wa Dar es Salaam wanakumbuka mihadhara ya miaka ya 1980 na kuendelea, Waislamu wakihubiri na Biblia mkononi na Wakristo wakijibu kwa Kurani, kanda zikiuzwa sokoni. Mshindi wa siku alikuwa aliyewaangusha watu kwa kicheko. Waliosilimu au kubatizwa walikuwepo, na majirani waliokatiana salamu walikuwepo pia.

Ila Mormoni wa Kenya ana maswali ambayo mzaha wa Utah hauwezi kuyabeba. Hadi Juni 1978 mwanamume mweusi hakupewa ukuhani, na mtu mweusi hakuruhusiwa ibada za juu za hekaluni. Desemba 2013 kanisa liliandika rasmi kwamba linazikana nadharia za zamani zilizosema ngozi nyeusi ni alama ya laana. Shemeji mtu akiuliza kwenye msiba, "Hivi ninyi si ndio mliwakataa watu weusi?", hapo hapahitaji klipu. Panahitaji mtu aliyeisoma historia, anayekubali kilichotokea, na anayeweza kueleza kwa nini yumo hata hivyo. Nimewasikia wanaoweza. Huwa hawapandishi sauti.

Tukio moja la karibuni limewapa hoja wale wanaosema matendo yatosha. Tarehe 28 Septemba 2025, mjini Grand Blanc, Michigan, mtu aliyewachukia Wamormoni aligonga jengo la ibada kwa gari, akafyatua risasi na kuliteketeza kwa moto. Waumini wanne walikufa, naye akauawa na polisi. Siku chache baadaye Mormoni mmoja wa Utah alianzisha mchango kwa ajili ya mjane na mtoto wa muuaji. Maelfu walichangia, wengi wao Wamormoni, na zikapatikana zaidi ya dola 300,000. Watu ambao wasingefungua kitabu cha kanisa hilo hata kwa kulipwa walisimama wakauliza hawa ni watu gani.

Naliheshimu tukio lile, na nakubali kwamba lilifanya kazi ambayo video elfu za majibizano hazijaifanya. Hata hivyo tusilitumie kukwepa. Mwalimu yule wa shule ya Jumapili aliyesoma habari za mafunjo saa sita usiku atafurahi kusikia ndugu zake wamemlea mtoto wa adui, huenda hata akalia. Kesho yake mafunjo bado ni ya mazishi na Ibrahimu bado hayumo. Upole bila elimu utamwacha hapohapo alipoachwa na dhihaka, tofauti ni kwamba ataachwa kwa heshima. Anamhitaji mtu aliyezisoma lugha zile, anayeweza kusema "hapa tuna jibu, hapa hatuna", na watu wa namna hiyo kwenye vipindi vya usiku bado ni wachache, na klipu zao hazisambai.